Gari Lisilo na Dereva Linapokutana na Theluji

Ndugu wasikilizaji, mwezi Machi 2004 magari 15 yasiyo na dereva yaliachiliwa katika jangwa la Mojave, Marekani, yashindanie njia ya zaidi ya kilomita 220, na lililokwenda mbali kuliko yote lilikwama hata kilomita 12 halijazimaliza. Mwaka uliofuata matano yalifika mwisho, na mshindi, Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford, alitumia muda usiotimia saa saba. Hata hivyo jangwa, pamoja na ukali wake wote, ni kavu, na barabara yake huonekana.

Theluji huificha. Magari mengi ya aina hii hubeba laida, chombo kinachorusha mapigo ya leza na kupima umbali kwa muda ambao mwanga huchukua kurudi. Chembe ya theluji nayo huurudisha mwanga huo, hivyo kompyuta huona kitu kimesimama hewani, na gari likafunga breki kwa ajili ya kitu ambacho mtoto angekikinga kwa kiganja kikayeyuka. Rada hupenya mvua na ukungu, lakini picha yake ni hafifu. Kamera, kwa upande wake, huzibwa na tope fundi asipokumbuka kuipangusa.

Ndiyo sababu Ford walifanya majaribio ya baridi kali huko Michigan, yakiwemo ya uwanja wa majaribio ya magari uitwao Mcity, uliofunguliwa Ann Arbor mwaka 2015. Mbinu yao ilikuwa kuichora ramani hali ya hewa ikiwa njema, pamoja na vibao, miti na majengo, ili mistari ya lami inapofunikwa, gari lijipime kwa vilivyobaki juu ya theluji.

Hapo linazuka swali ambalo kwangu ni gumu kuliko laida: gari lifuate ramani, au lifuate wenzake? Aliyeendesha kwenye tope la masika anajua kwamba hufuati barabara, unafuata mikondo ya matairi ya waliotangulia. Madereva wa nchi za baridi hufanya vivyo hivyo, na barabara ya njia tatu huweza kugeuka ya njia mbili bila mtu kutangaza. Gari lililoing'ang'ania ramani yake litakuwa sahihi kwa sentimita, na litakuwa katikati ya njia ya mwenzake. Mwaka 2017, gari la Kifini liitwalo Martti lilikwenda kilomita 40 kwa saa huko Lapland, kaskazini mwa Finland, juu ya barabara iliyofunikwa na theluji, isiyoonyesha mstari hata mmoja. Ningependa kuliona likifanya hivyo jioni, watu wakitoka kazini.