Eksirei Inayotoka Mezani

Mabibi na mabwana, na nyinyi wanafunzi mlioacha upepo wa baharini mkaja kuketi humu, asanteni. Nimekuja kuizungumzia eksirei itolewayo na leza juu ya meza, na maabara ya kuitengenezea hapa mjini petu.

Tangu Röntgen aigundue mwaka 1895, eksirei imetuonyesha vitu vilivyotulia. Elektroni haitulii. Kwa hesabu ya mwanafizikia Bohr, katika atomu ya haidrojeni inazunguka kiini kwa takriban atosekunde 150, na atosekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kwa bilioni tena. Anayetaka kuiona mbioni anahitaji mpigo wa nuru mfupi kiasi hicho.

Ufupi peke yake hautoshi. Mrija wa eksirei wa hospitali hutoa mawimbi yaendayo kila moja kivyake. Wanaopandisha jahazi ufuoni wanaijua tofauti: kila mtu akivuta kwa wakati wake, chombo hakisogei, wakiitikia wimbo na kuvuta pamoja, kinapanda. Mawimbi ya leza huvuta pamoja. Eksirei nayo tunaitaka hivyo.

Ipo mitambo mikubwa ifanyayo kazi hiyo, kama ule wa California ulioanza mwaka 2009, na ule wa Hamburg wenye urefu wa kilomita 3.4. Inastaajabisha, ila gharama yake ni ya mataifa. Sitakawia huko.

Mimi naipenda njia ya pili, ya mtambo unaotosha juu ya meza. Leza kali inaelekezwa kwenye gesi. Uga wake wa umeme unaichomoa elektroni kwenye atomu na kuisukuma mbali. Uga ukigeuka, elektroni inarudishwa kwa kishindo, na nishati iliyoichuma njiani inatoka kama nuru. Mwanafizikia Paul Corkum alizieleza hatua hizi mwaka 1993. Anne L'Huillier, Pierre Agostini na Ferenc Krausz walitunukiwa Nobel mwaka 2023 kwa mapigo ya atosekunde yaliyozaliwa hivyo.

Ugumu ni kuifikisha nuru hiyo kwenye eksirei. Wimbi la leza likiwa refu, elektroni hurudi na nishati kubwa zaidi, lakini mavuno ya nuru ya kila atomu huporomoka. Dawa ni kushindilia gesi, atomu ziwe nyingi, na kuhakikisha leza na miale mipya zinakwenda kwa kasi moja ili mchango wa kila atomu ujumlishwe, usifutwe. Mwaka 2012 watafiti walitumia leza ya infraredi ya mikromita 3.9 ndani ya heliamu iliyoshindiliwa, wakavuka elektronivolti 1,600, hicho kikiwa kipimo cha nishati ya miale. Eksirei, tena kutoka mezani!

Kabla ya kufika huko, kati ya elektronivolti 284 na 543, maji huipitisha miale hii ilhali kaboni iliyomo kwenye seli huinyonya. Seli huonekana ikiwa ndani ya maji yake, bila kutiwa rangi. Kwa mji unaoishi na bahari, hapo ndipo ningeanza.

Na hewa huimeza eksirei laini, yaani hii yenye nishati ndogo, kwa hiyo njia yake yote lazima itolewe hewa. Wanafizikia wetu watawahitaji mafundi wa pampu na mitambo ya baridi, na bandarini Kilindini wamejaa. Tuwaite maabara sasa, kabla hata leza haijanunuliwa.