Walijuaje zebaki inasema kweli?

Jamani hili nimeshalisema mara nyingi na leo nalirudia, tunawafundisha watoto kwamba zebaki inawekwa kwenye themomita kwa sababu inatanuka sawasawa, mtoto anaandika anapata maksi zake, basi. Walijuaje? Maana ili ujue zebaki inatanuka sawasawa lazima kwanza uwe na themomita unayoiamini, na hiyo ndiyo walikuwa hawana!

Chukua mirija mitatu, huu tia maji, huu spiriti, huu zebaki. Weka alama ya 0 kwenye barafu inayoyeyuka, 100 kwenye maji yanayochemka, katikati gawa sawasawa. Mtu ataniambia spiriti inachemka nyuzi 78, itafikaje 100? Inafika, mrija umezibwa, mvuke wake wenyewe unaikandamiza. Haya, chovya yote kwenye beseni moja la maji ya moto kiasi. Zebaki inasoma 50, spiriti 44 hivi, maji 26 hivi. Beseni ni lilelile! Sasa mkweli nani? Na usikimbilie kunijibu zebaki, wewe umeambiwa tu.

Mwanasayansi Jean-André Deluc wa Geneva, kitabu chake kilitoka 1772, alitumia kitu ambacho kila aliyechanganya maji ya kuoga anakijua. Maji ya baridi kabisa na ya kuchemka, uzito sawa, ukichanganya joto linakaa katikati, hiyo ni hesabu, themomita haijaingia bado. Halafu unachovya uone nani kasoma karibu na katikati. Zebaki ikashinda, ingawa nayo ilisoma chini kidogo, na themomita ya spiriti ya Mfaransa Réaumur iliyotamba Ufaransa tangu 1730 ikaachwa.

Najua kuna mwenye swali, je maji yenyewe yanakula joto sawasawa kwa kila nyuzi? Swali zuri sana, wanasayansi kina Dalton wa Uingereza walimbana Deluc hapohapo, ndiyo maana miaka ya 1840 Mfaransa Regnault aliachana na kuchanganya, akauliza tu themomita mbili za aina moja zinakubaliana? Za zebaki zikifika joto kali zilipishana kwa sababu ya aina ya glasi, za hewa, yaani zinazotumia hewa badala ya zebaki, zikakubaliana.

Upande wa baridi sina muda, ila zebaki inaganda karibu nyuzi 39 chini ya sifuri, na ikiganda inasinyaa ghafla, kwa hiyo mwanasayansi Braun alipoigandisha St Petersburg mwaka 1759 themomita yake ilisoma baridi ambayo haikuwepo kabisa.