Maharage, kufuli na panya aliyezimwa jeni

Haya, tuko hewani! Leo nipo chini ya mwembe wangu, Isevya, Tabora. Mwanafunzi aliniuliza: mwalimu, nani alijua kwamba mofini, ile dawa kali ya maumivu, inapitia kipokezi kimoja, yaani kufuli ya mwilini inayoipokea dawa, na si kingine? Jibu: unamzimia panya jeni ya kipokezi hicho, kisha unampa mofini. Walifanya hivyo Strasbourg, Ufaransa, wakatangaza mwaka 1996. Panya wa kweli tuwaachie wenye maabara na vibali. Sisi tuna maharage.

Mifuko miwili, panya baba na panya mama. Kila mmoja punje kumi nyekundu, jeni nzima, na kumi nyeupe, jeni iliyozimwa. Chomoa moja huku, moja kule, bila kuchungulia. Huyo ni mtoto. Andika, halafu RUDISHA punje, kila moja mfuko wake. Rudisha jamani! Mimi nilisahau mbele ya Kidato cha Nne. Tulipofika mtoto wa ishirini, kijana wa nyuma akataja rangi kabla sijachomoa. Darasa zima likacheka. Kwa hiyo: chomoa, andika, rudisha.

Ngoja... shiii! Kuku huyu! Kameza nyeupe mbili. Nahesabu upya, msiondoke.

Sawa. Watoto ishirini: weupe watupu nimepata sita. Hesabu inasema robo, yaani watano, msigombane na mfuko. Sasa chukua mweupe-mweupe na ndugu yake mwekundu-mwekundu. Ndugu, nasisitiza. Ukimlinganisha na panya wa kuokota kwingine, utajuaje kama tofauti imeletwa na jeni?

Mwekundu mpe kibao chenye kufuli. Mweupe kibao kitupu. Ufunguo ndiyo mofini. Umeona? Kwa mweupe hauna pa kuingia.

Maabara wanamweka panya kwenye sahani ya moto wa kiasi, wanahesabu sekunde mpaka arambe mguu, kisha wanamtoa haraka. Mwenye kipokezi, akipewa mofini, anachelewa. Asiye nacho anaramba upesi kama aliyechomwa sindano ya maji ya chumvi tu, bila mofini. Na hao wa maji ya chumvi msiwaruke, bila wao hujapima kitu.

Ninapopapenda mimi ni hapa: wale panya wa 1996 hawakuifurahia mofini, wala hawakutaabika ilipokatizwa. Kutuliza maumivu na uraibu, mlango mmoja!

Vibao nachonga mwenyewe, mninga, kufuli ipo ndani ya bei. Maharage mtanunua wenyewe, yangu mmeona yalikoishia.