Kiungo hukomaa akicheza: miaka ya mwanzo ya Victor Wanyama

Vijana, wazazi, makocha wenzangu, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie jinsi ya kufika Ulaya. Waliokuja na daftari wakitaka majina ya mawakala watanisamehe, sina. Tena leo nazungumza na viungo. Washambuliaji mnapendwa kila siku, mtatuvumilia kwa nusu saa.

Nianze na sababu ya kuwatenga viungo. Winga akienda majaribio ya siku tatu, dakika kumi zinamtosha. Akimpita beki mara mbili na kupiga krosi moja safi, kila aliyekaa pembeni ameona. Kiungo hana bahati hiyo. Anapokea mpira kutoka kwa beki ambaye hata jina lake halijui, huku mpinzani anampumulia shingoni, na inampasa ageuke ampe mwenzake ambaye hajui kama anaupenda mpira mguuni au mbele yake. Namba sita, yaani kiungo wa kukaba, aliyefundwa vizuri huwa ameshageuza shingo kushoto na kulia kabla mpira haujamfikia, kwa hiyo anapougusa tayari anajua unakwenda wapi. Na mara nyingi kazi yake bora ni pasi ambayo mpinzani hakuipiga, kwa sababu alikuta njia imezibwa. Nani ataandika hilo kwenye karatasi ya majaribio? Ndiyo maana viungo wengi wazuri hurudishwa nyumbani, na wengi wao hukubali kwamba hawana kipaji.

Sasa tumtazame Victor Mugubi Wanyama, kiungo wa Kenya. Alizaliwa Nairobi, Juni 25, 1991. Baba yake, Noah, aliichezea klabu ya AFC Leopards, na kaka yake ni McDonald Mariga, kiungo vilevile. Nyumba ya mpira hiyo, sikatai, na si kila mmoja wenu ana kaka wa kumfungulia njia. Mwaka 2007, kabla hajatimiza miaka 16, alikuwa ameshaichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Mwaka huohuo akaenda Helsingborg, Uswidi, alikokuwa Mariga. Kaka akahamia Parma ya Italia. Na Victor? Akarudi Kenya.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kijana akirudi kutoka Ulaya, mtaa mzima unajua kabla hajashusha begi. Wapo watakaosema alishindwa baridi, wapo watakaosema kaka ndiye alikuwa mchezaji, huyu alibebwa. Mzazi naye anaona aibu, anaanza kutafuta wakala mwingine wa haraka haraka, popote pale, mradi mtoto asionekane mtaani. Haraka hiyo ndiyo imewapeleka vijana wengi kwenye klabu ambazo hawakucheza hata dakika moja. Wanyama alirudi, na mwaka 2008 akaondoka tena, safari hii kwenda klabu ya Germinal Beerschot, mjini Antwerp, Ubelgiji. Si jina la kuandika kwenye jezi za watoto. Lakini ligi ya Ubelgiji ina desturi ya kuwaamini vijana. Yaya Touré, kiungo wa Ivory Coast, naye aliingilia Ulaya kwa mlango wa Ubelgiji, akitoka ASEC Mimosas ya Abidjan kwenda Beveren mwaka 2001.

Wanyama alikaa Beerschot miaka mitatu. Mitatu! Siku hizi kijana akikaa msimu mmoja bila kuhamishwa anadhani wakala amemsahau. Katika miaka ile alikuwa akizoea mwendo wa mchezo, lugha, viwanja vilivyolowa, na wachezaji wazima wanaogombania mshahara wa familia zao. Mwaka 2011 Celtic ya Uskoti ikamnunua kwa takriban pauni laki tisa. Huko mwanzoni hata beki wa kati alichezeshwa, kisha akatulia kwenye kiungo.

Novemba 7, 2012, Celtic ikaikaribisha Barcelona kwenye Ligi ya Mabingwa. Wengi mnaikumbuka kona ile ya Charlie Mulgrew: Wanyama akaruka, akapiga kichwa, bao. Celtic ikashinda 2-1. Lakini kocha akiitazama mechi ile hakai sana kwenye bao. Barcelona walikuwa na mpira karibu muda wote. Kiungo wa Celtic siku hiyo kazi yake ilikuwa kusogea hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, bila kukimbilia mpira, kwa sababu ukiukimbilia mpira wa Xavi na Iniesta umeshaacha tundu nyuma yako. Uvumilivu wa kusimama mahali pako kwa dakika tisini haupatikani kwenye majaribio wala kwenye video ya dakika tatu yenye muziki. Hupatikana kwenye mechi nyingi za Jumamosi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Julai 2013 Southampton ikatoa pauni milioni 12.5. Wakati ule hakuna klabu ya Uskoti iliyowahi kumuuza mchezaji kwa bei kubwa kuliko hiyo, na Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alikuwa na miaka 22. Kocha wake pale, Mauricio Pochettino, baadaye alimchukua Tottenham, mwaka 2016. Mengine mnayajua, na goti lililomsumbua mnalijua pia.

Lakini Mkenya wa kwanza angeweza kuwa Mariga. Januari 2010 Manchester City walimtaka, mazungumzo yakafika mbali, kibali cha kazi kikakataliwa. Kanuni za Uingereza za wakati huo zilitazama nafasi ya timu ya taifa kwenye orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa chini mno. Mariga akaenda Inter Milan, na miezi michache baadaye Inter ikabeba Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo msimwonee huruma sana. Ila mkijiuliza kwa nini kiungo wa Senegal anapita pale ambapo wa kwetu anakwama, sehemu ya jibu iko kwenye matokeo ya Harambee Stars.

Kuna jambo jingine linalonikera, nitalisema tu. Kiungo wa Kiafrika mwenye mwili akifika Ulaya, mara nyingi anapewa kazi moja: vunja, pora, mpe mwenye akili. Touré pale Barcelona alikuwa kiungo wa kukaba, na fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2009 akachezeshwa beki wa kati. Alipohamia Manchester City alipewa ruhusa ya kupanda, na msimu wa 2013/14 alifunga mabao 20 ya ligi. Miguu ni ileile. Wanyama naye alijulikana kwa ukabaji hadi akaonyeshwa kadi nyekundu tatu kwenye ligi msimu wa 2015/16. Sisi makocha tunachangia: mtoto akiwa mrefu kuliko wenzake akiwa na miaka 13, tunamwambia akae mbele ya mabeki asivuke katikati. Anakua bila kujua kupokea mpira akiwa amegeuzia goli mgongo. Mvukisheni katikati. Apoteze mipira sasa, akiwa mtoto.

Sasa sheria, haraka haraka. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine kucheza, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Anayekuambia mtoto wa miaka 16 ana klabu Ulaya inamngoja, mwulize ni kwa kipengele kipi. Mohammed Kudus wa Ghana alikulia kwenye akademia ya Right to Dream, akaanza kuichezea Nordsjælland ya Denmark siku chache tu baada ya kutimiza 18, Agosti 2018. Alisubiri tarehe, na hakuna kilichoharibika. Mkataba wa aliye chini ya 18 hauzidi miaka mitatu. Ukiletewa wa mitano, karatasi hiyo irudishe.

Na makatibu wa klabu za mtaani, mliokaa nyuma pale kama vile hayawahusu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Mwaka mmoja wa kati ya miaka 12 na 15 ni robo asilimia, na kuanzia 16 ni nusu asilimia. Pigeni hesabu kwa pauni milioni 12.5: mwaka mmoja wa mtoto wa miaka 14 ni pauni 31,250. Wa miaka 17 ni pauni 62,500. Kwa klabu inayofulia jezi nyumbani kwa mwenyekiti, hizo ni fedha za kununua uwanja wa mazoezi.

Lakini fedha hizo hufuata usajili. Haitoshi mtaa mzima kukumbuka kwamba alianzia kwenu. Jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, siku aliyosajiliwa na siku aliyoondoka, vyote viwe kwenye rekodi za shirikisho. Ukimpunguzia mtoto miaka miwili ili acheze na wadogo, siku akiuzwa miaka ya karatasini haitalingana na miaka aliyokaa kwenu, na yeye atakuwa na kesi ya kujibu. Nimeleta mfano wa fomu. Makatibu pitieni hapa mbele mchukue wakati wengine wanaanza maswali.