Walijulikana Tangu 1965

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi vijana mliojazana kule nyuma, asanteni kwa kunialika.

Nimeulizwa: kwa nini makanisa ya watu weusi yalilipuliwa? Wabaguzi wa kusini mwa Marekani nao walikwenda ibadani kila Jumapili. Ilikuwaje wakalipua nyumba ya Mungu? Mimi naona jibu liko kwenye hati ya kiwanja. Mtu mweusi wa Alabama alifanya kazi kwa bwana ambaye angeweza kumfukuza jioni ileile, na mara nyingi alipanga nyumba ya mzungu. Kanisa lilikuwa lake. Hakuna aliyeweza kumnyima ufunguo. Ndiyo maana mikutano ilifanyika humo na michango ikakusanywa humo. Mei 1963 watoto wa shule wa Birmingham, mji wa Alabama, walitokea kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 kuandamana dhidi ya ubaguzi, wakakabili mbwa wa polisi na maji ya zimamoto.

Milipuko ilizoeleka mno mjini humo hata watu wakauita "Bombingham". Kanisa la Bethel la Mchungaji Fred Shuttlesworth lililipuliwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa usiku wa Krismasi, 1956, na nyumba yake ya kando ya kanisa ikamwangukia akiwa kitandani. Alitoka mzima, na kesho yake akapanda basi akakaa viti vya wazungu! Mwaka 1958 walinzi wa kujitolea waliikuta ndoo ya baruti inafuka moshi, wakaibeba mpaka barabarani. Ulinzi wa kanisa ulikuwa huo, maana polisi hawakutegemewa.

Kisha ikaja Jumapili ya 15 Septemba 1963, saa nne na dakika 22 asubuhi. Baruti iliyotegwa chini ya ngazi za kanisa la Mtaa wa 16 iliwaua Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, pamoja na Denise McNair wa miaka 11. Walikuwa chumba cha chini wakijitayarisha kwa ibada. Kabla ya usiku kuingia, vijana wawili weusi walikuwa wameuawa kwa risasi mjini, mmoja wao na polisi.

Hapa nataka tukae kidogo. Kufikia 1965 FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walikuwa na majina manne ya washukiwa: Chambliss, Blanton, Cherry na Cash. Walikuwa wameficha hata kinasa sauti jikoni kwa Blanton. Mkuu wao, J. Edgar Hoover, alizuia ushahidi usifike kwa waendesha mashtaka, na 1968 jalada likafungwa. Chambliss alikuwa amekwisha kutozwa dola 100 kwa kumiliki baruti bila kibali. Basi.

Bill Baxley alikuwa mwanafunzi wa sheria bomu lilipolipuka. Alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Alabama, 1971, alilifungua jalada upya. Mbaguzi mmoja alimwandikia barua ya vitisho. Baxley akamjibu kwa karatasi rasmi ya ofisi, kwa maneno machache ambayo siwezi kuyatamka mbele ya wazee hawa. (Vijana, mtayatafuta wenyewe.) Mwaka 1977 Chambliss alihukumiwa kifungo cha maisha, na miongoni mwa waliotoa ushahidi dhidi yake alikuwemo mpwa wake wa kike. Zile kanda za jikoni hazikusikika mahakamani hadi 2001, Blanton alipotiwa hatiani. Cherry alifuata 2002. Cash alikuwa amefariki 1994 bila kushtakiwa.

Watu huhesabu wasichana wanne waliouawa na kumsahau Sarah, mdogo wake Addie Mae, aliyekuwa chumba hichohicho. Alipona, lakini jicho moja liliharibika kabisa kwa vioo. Alikuwa na miaka 12. Mwaka 2020 gavana wa Alabama alimwomba radhi kwa maandishi. Kuhusu fidia aliyokuwa akiidai, gavana alisema hilo ni la Bunge.

Nawakaribisha kwa maswali.