Samaki wa Birika Wamekwenda Wapi?

ATHMAN: Asalaamu aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tumepanga mambo matatu ambayo kila mtaa wa Lamu unaweza kuvifanyia visima vyake. Dada Zuhura anayo kwenye karatasi. Ila kwanza nitoe lililonikaa rohoni.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Litoe, kaka, maana tangu ufike hujatulia.

ATHMAN: Jumanne alasiri niliingia msikiti mmoja wa mitaa ya juu, nikaenda kutawadha penye birika, lile tangi la maji la kujengwa kwa mawe na chokaa. Birika halipo! Limejazwa kifusi, juu limepigwa sakafu ya simenti, ukutani safu ya mifereji, yaani mabomba ya kufungua, ya plastiki. Hata lile jiwe la matumbawe tulilokuwa tukisugulia nyayo limezikwa humo humo.

ZUHURA: Na samaki?

ATHMAN: Samaki gani tena?

ZUHURA: Wale visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Birika lina maji yaliyosimama, bila samaki lingekuwa shamba la mbu. Wamekwenda wapi?

ATHMAN: Nilimuuliza mwadhini habari za birika. Akasema maji ya mfereji ni safi zaidi, na wazee wamekubali.

ZUHURA: Mimi ningeanza na samaki. Kwa bibi yangu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, birika lilikuwa chooni, kando ya ukuta. Chini kabisa, katikati ya sakafu yake, fundi alipachika bakuli la kaure la China. Siku ya kusafisha tunateka maji kwa kata ya kifuu mpaka yanakauka, na samaki wote wanakimbilia kwenye bakuli. Sisi tunasugua chokaa, wao wanazunguka mle ndani, maji ya vitanga viwili tu. Tukimaliza tunajaza upya, wanatoka. Fundi aliyefikiria bakuli lile alifikiria na uhai wa samaki.

ATHMAN: Kaure kutoka China, ikavuka bahari yote hiyo, ikawa makazi ya visamaki.

ZUHURA: Na leo ukienda kwenye makaburi ya nguzo ya pwani yetu, yale ya kale yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, utaona mashimo ya duara ambamo mabakuli kama hayo yaling'olewa. Mabirika ya majumbani nayo yanavunjwa nyumba zinapotengenezwa upya, na sijasikia mtu akisema bakuli limehifadhiwa wapi. Samaki ndio kabisa, hawatajwi.

ATHMAN: Tuwaache samaki kidogo...

ZUHURA: Hatuwaachi, ila sema.

ATHMAN: Ninachosema, birika la msikiti lilijengwa kwa elimu. Sisi ni Mashafii, tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Maji yakifika kulatein, kile kipimo cha maji mengi katika sheria, hayanajisiki kwa kuguswa na najisi tu, mpaka moja ya sifa zake tatu ibadilike: rangi, ladha au harufu. Ndiyo maana birika likajengwa kubwa, watu wakatawadha humo bila wasiwasi. Kisima kando, mtaro wa chokaa kutoka kisimani mpaka birikani. Nenda kwenye magofu ya Gede uone, msikiti mkuu una kisima chake pale pale. Maji na ibada havikutenganishwa.

ZUHURA: Na kisima kile alikuwa akiteka nani? Birika halikujijaza. Walikuwa watu, ndoo kwa ndoo, na wengi wao hawakuwa na hiari. Mimi mwenyewe nimebeba maji nikiwa mdogo mpaka bega likachubuka. Mfereji ukifunguliwa, mzee wa miaka themanini anatawadha bila kuinama. Kwa nini nilie?

ATHMAN: Sikatai mfereji. Wangeuweka kando, birika likabaki.

ZUHURA: Likabaki tupu? Ili wageni walipige picha? Tangu mji uingizwe urithi wa dunia mwaka 2001, kila kilichokufa tunakiremba.

ATHMAN: Libaki na maji! Dada, ngoja nikupeleke Takwa. Ng'ambo, kisiwani Manda, maji yakijaa unapita na mashua kati ya mikoko. Ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti wa Ijumaa, majumba ya mawe. Kufikia mwisho wa karne ya 17 watu wakauhama, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Wakavuka wakaja Shela, kisiwani kwetu Lamu. Na mpaka leo watu wa Shela wanarudi mara mbili kwa mwaka kwenye kaburi la nguzo, kumwomba Mungu mvua. Hawajasahau kwamba maji yaliwahi kuwakimbia.

ZUHURA: Takwa naijua.

ATHMAN: Basi unajua nasema nini. Mtu aliyetawadha birikani aliona maji yakipungua, alionja yakigeuka. Mfereji haukuonyeshi chochote. Unafungua, yanatoka, unakwenda zako.

ZUHURA: Na hayo ya mfereji yanatoka wapi? Shela, chini ya machuguu ya mchanga. Mvua inazama mchangani, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya mchanga na kuchimba mashimo ya choo, uchafu unateremka kule kule. Kama una machungu na maji, peleka machungu Shela, si kwenye birika moja la mtaani.

ATHMAN: Hakuna anayelinda asichokiona.

ZUHURA: Mtu analinda anachokinywa.

ATHMAN: Hapana, dada.

ZUHURA: Ndiyo, kaka. Sikubali, na hunibadilishi leo.

ATHMAN: Wala wewe hunibadilishi. Birika ni wakfu. Aliyelijenga alitaka thawabu yake iendelee kila mtu anapotawadha humo.

ZUHURA: Alitoa wakfu maji, hakutoa wakfu shimo. Thawabu inamfikia hata kupitia mfereji.

ATHMAN: Hilo waulizwe masheikh.

ZUHURA: Waulizwe. Na waulizwe samaki pia! Ni viumbe vya Mungu, waliishi msikitini vizazi na vizazi. Waliomwaga kifusi waliwatoa kwanza, au waliwafukia humo? Hilo linanichoma kuliko simenti.

ATHMAN: Sasa umenitia na mimi unyonge.

ZUHURA: Nenda kamuulize mwadhini.

ATHMAN: Nitamuuliza. Fundi mitambo ananionyesha saa. Yale mambo matatu?

ZUHURA: Hayasomeki kwa dakika moja. La kwanza peke yake, kupima chumvi ya kisima kila mwezi na kuandika, linataka kipindi kizima.

ATHMAN: Basi yamelala. Wasikilizaji, mwenye birika nyumbani lenye bakuli lake na samaki wake, tutumieni sauti, mtuambie mko mtaa gani.

ZUHURA: Na msilivunje kabla hatujafika kuliona.