Malkia Alikuwa Mpishi: Ndani ya Makumbusho ya Sinema, Mumbai

BAKARI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Leo mimi nimekuja kusikiliza tu, maana mwenzangu karudi juzi kutoka Mumbai na tangu arudi sijapata nafasi ya kutia neno.

RUKIA: Maneno hayo! Mimi nilimsindikiza shangazi kwenye matibabu. Daktari alipomwambia apumzike, nikapata upenyo. Wenzangu wakaenda kununua vitambaa, mimi nikapanda teksi mpaka Pedder Road, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sinema ya India.

BAKARI: Ukaacha vitambaa?

RUKIA: Niliagiza.

BAKARI: Haya, tueleze. Mimi nikisikia makumbusho ya sinema, ninaona sanamu za masteringi na watu wamepanga foleni kupiga selfi.

RUKIA: Selfi zipo, na mimi nilipiga. Lakini pale pana majengo mawili. La kwanza linaitwa Gulshan Mahal, jumba la karne ya 19, ngazi za mbao, madirisha marefu, la watu waliokuwa nazo. La pili ni jipya, lina ghorofa nne. Kiwanja chenyewe kilikuwa makao ya Films Division, idara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1948 kutengeneza filamu fupi za habari na elimu.

BAKARI: Zile ambazo kumbi zote za India zilitakiwa na sheria kuzionyesha kabla ya picha yenyewe?

RUKIA: Hizo hizo. Umelipa kiingilio umwone steringi, kwanza utazame bwawa la maji linavyojengwa. Sasa makumbusho yalifunguliwa rasmi Januari 2019, na Waziri Mkuu Modi. Ukienda, anza na jumba la zamani. Wengi huvutwa na vioo vya jengo jipya, wakifika Gulshan Mahal miguu imeshachoka. Na utamu uko kule.

BAKARI: Utamu gani?

RUKIA: Phalke. Dadasaheb Phalke, baba wa sinema ya India. Wewe unamjua kwa ile tuzo.

BAKARI: Tuzo kubwa kabisa ya sinema kule, ilianza mwaka 1969. Lakini mtu mwenyewe, kusema kweli, kwangu ni jina tu.

RUKIA: Basi sikiliza. Huyu bwana aliingia ukumbini Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, akaona filamu ya maisha ya Yesu, akatoka kichwa kimejaa miungu ya kwao. Mbona nasi tusionyeshe yetu? Mwaka 1912 akasafiri mpaka London kununua kamera. Akarudi, hana fedha za kutengeneza picha, na matajiri hawamwelewi. Unajua alifanya nini? Akapanda punje ya njegere kwenye chungu, akaiweka mbele ya kamera, akawa anaipiga picha kidogo kidogo kila siku, muda wa mwezi hivi. Alipoionyesha, watu wakaona mbegu inachipua, inapanda juu, inatoa majani, yote kwa dakika chache. Aliyekuwa na fedha akafungua mfuko.

BAKARI: Aliwashika kwa njegere!

RUKIA: Kwa njegere, kaka. Halafu ikaja shida ya pili. Filamu ni *Raja Harishchandra*, hadithi ya mfalme asiyesema uongo hata akinyang'anywa kila kitu. Mfalme ana malkia. Nani aigize malkia? Hakuna mwanamke aliyekubali. Hata wale ambao jamii ilishawatupa hawakutaka kusimama mbele ya kamera. Mwisho Phalke akamkuta kijana mmoja anafanya kazi jikoni kwenye mkahawa, mwembamba, vidole vyembamba. Anna Salunke. Ndiye akawa Malkia Taramati.

BAKARI: Kwa hiyo malkia wa kwanza wa sinema ya India alikuwa mpishi mwanamume.

RUKIA: Na si hapo tu. Mwaka 1917, kwenye *Lanka Dahan*, akaigiza Rama na Sita wote wawili. Mume yeye, mke yeye!

BAKARI: Hapo mtayarishaji kaokoa mshahara mmoja.

RUKIA: Ila wanawake hawakukawia. Mwaka 1913, uleule wa *Raja Harishchandra*, Phalke alitoa picha nyingine, na humo wakaigiza Durgabai Kamat na bintiye Kamlabai. Ninayemhurumia mimi ni Saraswatibai, mke wa Phalke. Mchana anawapikia waigizaji na mafundi wote, maana walikuwa wakikaa na kula hapo hapo, usiku anaingia kwenye giza kusaidia kusafisha filamu kwa dawa. *Raja Harishchandra* ikaonyeshwa kwa umma tarehe 3 Mei 1913, ukumbi wa Coronation, mtaa wa Girgaon, Bombay. Ukiuliza baba wa sinema ya India, kila mtu atakutajia jina. Mama yake mbona hatajwi?

BAKARI: Uliwauliza pale?

RUKIA: Nimuulize nani, mlinzi? Alikuwa anataka tusogee, darasa la watoto wa shule linakuja nyuma.

BAKARI: Mimi nitakuja na langu. *Alam Ara*. Umepita chumba cha filamu za sauti?

RUKIA: Nimepita, na pale ndipo nilipokaa sana.

BAKARI: Wasikilizaji, hii ndiyo picha ya kwanza ya India iliyosema na kuimba. Tarehe 14 Machi 1931, ukumbi wa Majestic, Bombay. Polisi waliletwa kuzuia watu, tiketi zikalanguliwa. Mtengenezaji ni Ardeshir Irani. Nyimbo saba ndani. Na walivyoirekodi! Studio ilikuwa karibu na reli, treni zikipita sauti inaharibika, kwa hiyo wakafanya kazi usiku wa manane treni zikipungua. Maikrofoni inafichwa isionekane, na wapiga muziki nao wanafichwa, kwa sababu wakati huo uigizaji, uimbaji na ala vyote vinarekodiwa kwa mpigo mmoja. Mwimbaji wa nyuma ya pazia, yule anayemwimbia mwigizaji, alikuwa bado hajaja.

RUKIA: Na wimbo wa kwanza uliimbwa na fakiri anayeomba sadaka.

BAKARI: Sasa niambie. Ulipofika pale, uliiona?

RUKIA: Sikuiona, kwa sababu haipo.

BAKARI: Ndiyo hapo nilipotaka tufike. Haipo Mumbai, haipo kwenye hifadhi ya filamu kule mjini Pune, hakuna nakala inayojulikana popote duniani. Zimebaki picha za mnato na matangazo.

RUKIA: Na hilo ndilo lililonishika pale. Unatembea kwenye makumbusho ya sinema, na sehemu kubwa ya sinema za mwanzo hazipo. Filamu bubu India ilitengeneza zaidi ya 1,300. Zilizosalimika, nyingine vipande tu, hazifiki 30. Kwa hiyo unaona bango la rangi limechorwa kwa mkono, limejaa simba na panga, unasoma jina la picha, na ndiyo basi.

BAKARI: Na hazikupotea kwa bahati mbaya zote. Mkanda wa zamani ulikuwa wa naitreti, aina ya plastiki, unashika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na joto la kule unalijua. Halafu ndani yake mna fedha, madini kweli. Picha ikishamaliza mzunguko wa kumbi, mwenyewe anaona mzigo unaojaza stoo, anauuza kwa kilo, mnunuzi anauchemsha atoe fedha. Hifadhi ya taifa ya filamu ilianzishwa Pune mwaka 1964, na P. K. Nair akaanza kuzunguka nchi nzima akiomba mikanda. Kwa nyingi alikuwa amechelewa. Na mwaka 2003 moto ukazuka hukohuko Pune, ukala mikanda mingine ya naitreti.

RUKIA: Basi mimi ninaona makumbusho yangelisema hilo kwa sauti kubwa zaidi. Wangeweka hata chumba kitupu, ukutani majina tu ya zilizopotea. Badala yake unavutwa haraka kwenye mavazi. Ingawa mavazi nayo, eh! Koti jekundu la mwigizaji Dilip Kumar kwenye picha ya *Aan* ya mwaka 1952 lipo.

BAKARI: Hilo ungenipigia simu ya video.

RUKIA: Ulikuwa umelala. Haya, jengo jipya. Kuna ghorofa ya watoto, ipo ya teknolojia, ipo ya sinema za mikoa mbalimbali, kwa sababu India si Kihindi peke yake. Kitamil, Kibengali, Kitelugu, kila mmoja ana ulimwengu wake. Na kuna ghorofa nzima ya Gandhi na sinema.

BAKARI: Hapo mimi sielewi. Gandhi hakuipenda sinema hata kidogo. Miaka ya 1920 kamati ya serikali ilimwandikia kutaka maoni yake, akajibu kwamba hajawahi kuingia ukumbini. Picha ya India inayojulikana kwamba alikaa akaitazama ni *Ram Rajya*, mwaka 1944, akiwa mzee. Mtu huyo unampa ghorofa?

RUKIA: Wanamzungumzia kama mtu aliyewagusa watengenezaji, na ni kweli aliwagusa.

BAKARI: Saraswatibai aliyesafisha filamu usiku, je, ana ghorofa?

RUKIA: Hapo umenishinda.

BAKARI: Wasikilizaji wetu wa pwani watauliza kwa nini tunajali hivi. Mama yangu anaweza kukuhadithia picha ya Kihindi mwanzo mpaka mwisho, na Kihindi hajui. Walikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wanakwenda na mabuibui yao, wanalia humo, wanarudi nyumbani wamekariri nyimbo. Na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alichukua sauti za nyimbo hizo akazitilia mashairi ya Kiswahili, mpaka leo harusini zinapigwa.

RUKIA: Shangazi aliimba mbili wodini. Wauguzi walijua sauti, maneno hawakuyajua.

BAKARI: Anayetaka kwenda ajue nini?

RUKIA: Jumatatu wamefunga. Mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Na ukibaki na muda, teremka mpaka mtaa wa Kala Ghoda, hukohuko Mumbai, ukaone ilipokuwa Hoteli ya Watson. Hapo ndipo filamu za ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, zilipoonyeshwa India kwa mara ya kwanza, tarehe 7 Julai 1896, kiingilio rupia moja.

BAKARI: Jengo bado lipo?

RUKIA: Lipo, la chuma, limechakaa vibaya. Mwaka 2019, mwaka uleule makumbusho yalipofunguliwa, wapangaji wake waliamriwa wahame kwa kuogopwa lisiwaangukie.